Nakala Niliyoitafuta kwa L

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya walimu wa Kiswahili wa wilaya nzima. (Tulieni, suruali ilibaki.) Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa Lugari, maana wale najua wataongeza chumvi.

Mnanijua. Mimi ni Makokha, mwalimu wa Kiswahili hapa Mayoni. Ukitaka ngeli, njoo kwangu. Ukitaka methali, njoo na kikapu. Shuleni kwetu hakuna mwanafunzi anayethubutu kusema "kula" akimaanisha "kura" nikiwa karibu. Nitamsimamisha hapo hapo aseme ra, re, ri mpaka ulimi umnyooke.

Kwa hivyo jopo la walimu wa Kiswahili lilipotaka mtu wa kuwasilisha mada ya matamshi leo mjini Kakamega, lilimtafuta nani? Mimi! Mada yenyewe: "Tatizo la Lafudhi: L na R Katika Magharibi." Tena haikuwa mada tu. Jopo lilikuwa linachagua mwenyekiti mpya leo hii, na wagombea tulikuwa wawili. Mmoja mimi. Wa pili Mwalimu Shikuku wa Lugari, mtu wa mahindi, mpole, anayeongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: niwakune vichwa asubuhi kwa mada, mchana wanipe kiti. Nilikitaka kile kiti. Sifichi.

Sasa sikilizeni. Jana alasiri tarakilishi yangu ikaniambia kwamba mfumo mpya uko tayari, niusakinishe. Nikasema, kwa nini niende Kakamega na mfumo wa zamani? Msimu huu wa sukari kila mtu Mayoni ana kitu kipya. Jirani yangu wa kulia amevuna miwa akaleta trekta. Wa kushoto ameezeka mabati ya rangi. Acha na mimi niwe na mfumo!

Lakini mimi si mjinga. Kabla ya kubadilisha mfumo, unaweka nakala ya kazi zako mahali pengine. Hilo nalijua. Mikono yangu ilikuwa kwenye pasi, nanyoosha shati la leo, kwa hivyo nikamwomba mke wangu, Mama Nanjala, akae kwenye tarakilishi anisaidie. Yeye ni mwalimu wa hesabu. Ukimpa maagizo anayafuata vile yalivyo, hapunguzi wala haongezi.

"Flashi nimeiingiza," akasema. "Folda niiite nani?"

"Lafudhi."

"Nini?"

"Lafudhi, Mama Nanjala! Lafudhi!"

"Haya, usinipigie kelele. Nimeandika."

Nakala ikaingia. Nikaweka pasi chini, nikabonyeza "Ndiyo" kwa kidole kimoja, kwa madaha. Mashine ikajizima, ikajiwasha, ikajizima tena, ikaendelea hivyo mpaka tukaiacha tukaenda kula.

Asubuhi nikaifungua. Picha mpya, rangi mpya, kila kitu kinang'aa. Ila faili zangu hakuna! Mitihani hakuna. Mada hakuna. Picha za ubatizo wa Nanjala hakuna. Mama Nanjala akashika kichwa, akasema "Woi." Mimi nilicheka. (Ndiyo, nilicheka. Tafadhali liandikeni hilo mahali.) Nikamwambia mwenye nakala hababaiki, nikatia flashi mfukoni, nikatoka nikipiga mluzi. Barabara ya Mumias ilikuwa imejaa trela za miwa, na kila dereva nilimpungia mkono kama mtu ambaye ameshachaguliwa.

Ukumbini tulipokewa na mwenyekiti anayeondoka, Bi Zubeda wa Mumias, mama wa salamu ndefu na subira fupi. "Asalaam aleikum, walimu," akasema. "Leo Mwalimu Makokha atatunyoosha ndimi. Masikio wazi, simu zizimwe."

Nikapanda jukwaani. Nikachomeka flashi. Projekta ikawaka, na kuanzia hapo kila nilichokifanya kilionekana ukutani.

Ile flashi imebeba maisha yangu yote: mitihani, nyimbo za kwaya, ratiba za mpira, mambo ya wakulima wa miwa. Folda ni nyingi mno, lakini zimejipanga kwa alfabeti, kwa hivyo sikuwa na haraka. Nikashuka hadi L. Ligi. Likizo. Lugha. Halafu M. Nikapanda, nikashuka tena polepole. Ligi, Likizo, Lugha, M. Lafudhi haipo! Huko mbele ya M sikwenda. Mtu mwenye akili timamu anaendaje kutafuta lafudhi baada ya M?

Nikatumia kisanduku cha kutafutia. Nikaandika LAFUDHI. Mashine ikafikiri, ikafikiri, kisha ukutani kukatokea maneno: "Hakuna kilichopatikana."

Minong'ono ikaanza. Shikuku, pale mstari wa mbele, akauliza kwa ule upole wake, "Mwalimu, kwani talakirishi imekataa?"

"Ta-ra-ki-li-shi," nikamsahihisha. Kwenye maikrofoni! Ukumbi ukacheka, Shikuku akainamisha kichwa, na mimi nikajisikia vizuri sana. (Mtu mwenye bahati angekatikiwa na umeme hapo hapo.)

Nikawageukia. "Wenzangu, mnaona hatari ya mifumo mipya. Imekula kazi yangu. Imekula hata nakala!"

Bi Zubeda akanitazama juu ya miwani. "Mwalimu, mfumo uko ndani ya tarakilishi. Flashi ilikuwa mfukoni mwako. Imekulaje?"

Na mtu asiye na jibu hutafuta mtu wa kumbebesha. Nikasema, Mungu anisamehe, "Basi huenda ni mke wangu. Nakala aliiweka yeye. Ni mtu wa hesabu, unajua, herufi humsumbua kidogo."

Walimu wa kike waliguna kwa pamoja. Bi Zubeda akasema, "Mpigie. Weka simu kwenye maikrofoni tusikie wote, muda unaenda."

Nilikubali upesi, tena kwa furaha. Nilitaka kila mtu asikie kwamba kosa si langu. Simu ikaita mara moja tu.

"Baba Nanjala! Umeshamaliza?"

"Bado. Ile folda uliyoweka jana siioni."

"Iko. Angalia kwa R."

"R? R ya nini?"

"R ya Rafudhi."

Kuna mtu nyuma aliangusha kikombe. Mimi nikakaza sauti. "Nani alikwambia uandike Rafudhi?"

"Si wewe! Mimi hata nilishangaa, nikakuuliza, 'Nini?' Ukanipigia kelele, 'Rafudhi, Mama Nanjara! Rafudhi!' Nikasema wacha niandike vile mwenye Kiswahili amesema. Wewe ukikasirika unasemanga hivyo, Baba Nanjala. Hata mtoto anajua. Ukikasirika sisi wote tunakuwanga watu wa Nanjara."

Ningeweza kukata simu. Ningeweza kucheka na wenzangu, yakaisha. Lakini damu ilikuwa imenipanda kichwani. Nikanyakua maikrofoni, nikavuta pumzi, nikatangazia ukumbi mzima kwa sauti yangu ya darasani:

"Si kweri!"

Nimelisikia likitoka. Nimelisikia likirudi kutoka kwenye spika zote mbili. Nimeiomba ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi ya Kakamega inajua kuotesha tu. Mwalimu mmoja wa Buyangu alikimbilia nje, tukawa tunamsikia akicheka huko kwenye nyasi. Bi Zubeda alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Na kwenye maikrofoni sauti ya mke wangu ikaendelea, "Baba Nanjala? Kwani uko na watu?"

Nikakata. Nikashuka hadi R, walimu wote wakisoma pamoja nami. Ilikuwa ya kwanza kabisa, juu ya Ratiba. RAFUDHI. Nikaifungua, na mada yangu ilikuwa humo, ukurasa kwa ukurasa, hata koma haikupotea. Nakala ilikuwa salama. Aliyeharibika ni mimi.

Shikuku akainua mkono. "Mwalimu, mfano tumeuona. Sasa tupe nadhalia."

Hakuna aliyemsahihisha. Mimi mwenyewe sikuthubutu.

Niliwasilisha mada yote. Sikukimbia, na niseme ukweli, niliwasilisha vizuri. Tatizo ni kwamba kila nilipoikaribia L, ukumbi ulinyamaza kunisubiri, na kila nilipoivuka salama, walipiga makofi kama wanaomfundisha mtoto kutembea. Nilipofika kwenye kipengele cha "Jinsi ya kumsaidia mwathiriwa", mama mmoja aliniletea maji ya kunywa.

Kisha tukapiga kura. Kwa kuinua mikono. Mikono ya Shikuku ilijaa ukumbi. Yangu ilikuwa michache, na mwenye mmoja kati ya hiyo nashuku alikuwa anajikuna tu. Imeniuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa kile kiti, hadi shati nilinyoosha mara mbili, na kimeenda Lugari kwa sababu ya neno moja.

Mwenyekiti mpya wa jopo la walimu wa Kiswahili akasimama, akaweka mkono kifuani, akasema polepole, "Nawashukulu sana."

Nikacheka. Nikacheka peke yangu! Ukumbi wote ukanigeukia kwa macho makali, na Bi Zubeda akauliza kama nina neno la kuongeza. Nikasema sina.

Nimefika nyumbani, nimekuta obusuma, ugali wetu, na kuku mezani. Mama Nanjala ameshapigiwa simu na watu watatu, anajua kila kitu. Ameniuliza kama nimemkasirikia. Nimemjibu hapana, taratibu, nikiangalia kila herufi kabla ya kuiachilia. Kisha nimemwomba msamaha kwa yale ya herufi kumsumbua, naye amesema nile kwanza.

Basi msinicheke. Bado hakuna anayenishinda ngeli Mayoni nzima, na anayebisha aje na daftari. Ila pokeeni ushauri wangu bure: kabla ya kusakinisha mfumo mpya, wekeni nakala mbili. Moja kwa L, nyingine kwa R.