Risasi ya Sita

Mwaka 1975, Kamati ya Kuharakisha Ujazaji wa Bastola iliwatangazia kwa kipaza sauti wakazi wote wa Ngokolo kwamba enzi ya ulinzi wa polepole imekwisha. Bastola ya ghala la pamba sasa itajazwa risasi zake zote kwa sekunde kumi! Watu wakapiga makofi. Bastola yenyewe ilikuwa moja, risasi sita, na mlinzi mmoja, Bujiku, ambaye hajawahi kulenga hata kunguru. Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na wawili.

Mkaguzi wa mkoa angefika baada ya miezi miwili. Bujiku akizidisha sekunde kumi, avue koti la ulinzi, arudishe ufunguo wa chumba anachoishi na mkewe Mbuke na watoto, arudi kijijini kuchunga ng'ombe wa mjomba.

"Basi nipeni hizo risasi nijifunze," akaomba.

Mwenyekiti, Ndugu Ignas, akamtazama kwa huruma. "Risasi ni mali ya umma, Ndugu Bujiku. Zikishikwashikwa zitachakaa. Mafunzo yatafanyika kwa karanga."

Gunia likaletwa. Lakini karanga haiingii kwenye bastola ya umma hivihivi, lazima ihakikiwe. Kamati ikakaa kuhakiki. Ndugu Ignas alizimimina kiganjani sita sita, akazirusharusha, akazisugua, akapuliza maganda, kisha akatupia kinywani moja moja huku akisoma kumbukumbu za kikao. "Hii imekidhi viwango... na hii imekidhi..." Vikao vikaongezwa, cha asubuhi na cha jioni. Gunia likabaki la kukung'uta vumbi, na taarifa ikaandikwa kwamba mafunzo yamefana mno.

Bujiku alipewa maganda.

"Mayo wee! Wanakufanya bwege, Baba Esta," Mbuke akasema. Akakata bua la mtama vipande sita, unene wa risasi, akamfunga mumewe macho kwa kanga, bastola tupu ikiwa mapajani. "Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu ya duara ina vyumba sita, wapangaji huingia kimya, hutoka kwa kelele."

"Bastola."

"Haya, waingize kabla sijafika kumi. Wawili wawili, na dole gumba lizungushe nyumba. Usiwatafute kwa macho, hawajapotea!"

Kila jioni wakafanya hivyo, mpaka vidole vya Bujiku vikaacha kumuuliza maswali.

Siku ikafika. Mkaguzi, Ndugu Bashiri, alikuja na saa yake ya kupimia. Ngokolo yote ikajaa mbele ya ghala. Risasi zikatolewa kwenye sanduku lenye makufuli matatu. Bujiku akanyoosha mkono, lakini Ndugu Ignas akazidaka yeye.

"Kabla ya mlinzi, Kamati itatoa nadharia," akasema. Zikakaa kiganjani, sita kamili. Akaanza hotuba. Akazirusharusha kidogo. Akazisugua. Akapuliza. "Ndugu wananchi, siri ya kasi ni nidhamu ya—"

Akatupia moja kinywani. Akameza.

Uwanja mzima ukasogea mbele kumtazama.

"Na hiyo imekidhi, Mwenyekiti?" Mbuke akauliza kutoka nyuma.

Watu wakavunjika mbavu. Mkaguzi hakucheka, alikuwa na fomu. Akampa Bujiku tano zilizobaki. Mbili, mbili, moja. Sekunde sita.

"Ya sita iko wapi?" akauliza mkaguzi.

"Kwa Mwenyekiti."

"Kwake, au ndani yake?"

"Ndani yake, Ndugu."

Mkaguzi akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kwa sauti: risasi zote zitakuwa chini ya macho ya mlinzi wakati wote. Akamthibitisha Bujiku kazini palepale na kumkabidhi Mwenyekiti amlinde.

Hospitalini Kolandoto, Bujiku alikaa na koti lake kando ya kitanda cha Mwenyekiti, daftari magotini.

"Ndugu Bujiku, naomba kwenda chooni," Ndugu Ignas akasema kwa unyonge.

"Risasi inatoka wodini saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Na kurudi?"

"Nitajuaje mimi?"

"Weka sahihi hapa. Na hapa. Mlango usifungwe."

Aliporudi, bado na risasi yake, alimkuta Mbuke ameleta karanga za kukaanga kwenye bakuli. Akanyoosha mkono.

"Taratibu, Mwenyekiti," Bujiku akasema, akivuta bakuli upande wake. Akatupia moja kinywani, akaitafuna polepole, akafikiri. "Hazijahakikiwa."