Kaya Thelathini na Moja Zinazopenda Biringanya

Jumatatu, 3 Machi

Sijawahi kumwambia mtu haya. Hata Bibi. Zile fomu arobaini nilizijaza mwenyewe.

Zote! Juu ya paa, nyuma ya shuka za watu zilizoanikwa, kwa kalamu mbili na mikono miwili. Mkono wangu wa kushoto una mwandiko wa mzee wa miaka tisini. Niliutumia kwa ghorofa ya kwanza.

Lakini kosa si langu. Nataka hilo liandikwe mahali, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kuliandika, naliandika hapa. Mwezi uliopita alikuja shuleni dada mmoja wa shirika la hisani, amekumbatia faili kubwa kuliko kifua chake. Tunamwita Dada Mradi. Alisema jengo letu liko mbali na soko, duka la chini linauza biskuti na soda tu, na watu wanaugua kwa kukosa mboga. Basi kutakuwa na ushirikiano: shirika lake, zahanati, wauza mboga wa sokoni, na vijana wa jengo. Mkokoteni wa mboga utakuja uani kila wiki. Vizuri sana. Akauliza nani ataongoza. Wenzangu wote wakainamisha vichwa. Mimi nilikuwa nimeinua changu kwa sababu nilitaka kupiga chafya.

Wakapiga makofi! Chafya yenyewe haikuja.

Ningekataa, lakini kukataa kunahitaji kusema. Shuleni nimefundishwa lugha mbili, na zote mbili hunitoroka nikitazamwa.

Kwa hiyo mimi ni Mwenyekiti. Kazi ya kwanza: kubisha hodi milango arobaini na kuuliza watu wanataka mboga gani, siku gani, saa ngapi. Nilifika mlango wa kwanza. Nikainua mkono. Ndani mtu akacheka. Alikuwa ananicheka mimi? Hakujua kama nipo. Lakini angejua baada ya kubisha, si ndiyo? Nikapanda paani.

Fomu tisa za mwanzo nilizijaza kwa uaminifu mkubwa, kila nyumba mboga yake. Kisha mkono ukachoka. Nikashuka kumuuliza Bibi, kwa niaba ya wananchi, yeye anapenda nini. Akasema biringanya. Ndiyo maana kaya thelathini na moja za jengo hili zinapenda biringanya. Siku na saa: Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, wote. Mwenyekiti lazima awepo, na saa hiyo hakuna watu.

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha ushirikiano, zahanati, kwenye benchi za wagonjwa. Mtu mmoja alidhani tumepanga foleni akakaa nyuma yetu mpaka mwisho. Alipiga kura mara mbili.

Dada Mradi alibandika chati ukutani. Safu ya biringanya ilikuwa ndefu mpaka ikabidi aunganishe karatasi nyingine kwa gundi. Akasema takwimu zimezungumza. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Mama Mizani naye alikuwepo, muuza mboga, tunamwita hivyo kwa sababu hatembei bila mizani yake, hata kikaoni aliipakata kama mtoto. Alisema yupo sokoni miaka thelathini na hajaona watu wenye mapenzi ya namna hii. Akauliza kama tuna uhakika. Wote wakanitazama. Nikatikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo na ingeweza kuwa shingo inauma. Ataleta magunia sita.

Halafu Kipaza akanyoosha mkono. Kipaza ni msichana wa mlango wa pili, tuko darasa moja, na sauti yake ikianza uani inasikika paani. Ni makamu wangu, hakuna aliyeniuliza. Alitaka kujua vipi fomu ya nyumbani kwao inasema mama yake anapenda biringanya, wakati mama yake akila biringanya midomo inavimba kama mto wa kulalia. Nikanong'ona kwamba labda mama yake anampendea mtu mwingine. Jibu gani hilo! Lakini Dada Mradi alikuwa na haraka, akaliandika.

Kisha akatoa sharti. Jumamosi ni majaribio. Nusu ya mzigo isipouzwa kufikia saa nne asubuhi, mkokoteni unahamia jengo la ng'ambo ya barabara.

Lile lenye lifti! Watu wenye lifti wapelekewe mboga mlangoni! Miguu yao ina kazi gani?

Nimerudi nyumbani nimefura. Bibi alikuwa dirishani. Miguu yake imevimba tangu mwaka jana, ngazi zetu ni themanini na sita, na Mama hutoka kazini soko limeshafungwa. Nesi amemwambia ale mboga kila siku, aache biskuti. Anakula chai na biskuti. Aliniuliza, eti mume wangu (ananiita hivyo mbele za watu, sina la kufanya), mkokoteni unakuja kweli? Nikasema unakuja. Akatoa kikapu chake cha zamani juu ya kabati, akakiosha, akakianika. Anasema Jumamosi atashuka mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza. Kama watu hawapendi biringanya, wafundishwe kupenda.

Niliandika matangazo kumi, matano kwa kila lugha, ili hata wanaojifanya hawajui moja wasome nyingine. Niliandika kwamba mtaalamu mmoja wa mbali amegundua biringanya hutuliza magoti, huongeza kumbukumbu, hufaulisha mitihani na hupunguza kelele za majirani. Hilo la mwisho lilikuwa kwa ajili ya Kipaza. Nikayabandika kwenye ngazi saa ambayo watu wote wanatazama tamthilia ya alasiri.

Kufikia magharibi Kipaza alikuwa ameyabandua yote na kumpelekea nesi. Nesi amepanda ngazi zetu huku anahema, anauliza kwa sauti ni daktari gani huyu wa kwenye kuta. Mimi sikuandika daktari! Niliandika mtaalamu! Watu hawasomi kwa makini halafu wanakasirika.

Nilikuwa chooni wakati wote huo. Kwa hiari.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili, wa kiume kabisa: kubisha hodi kweli, niwaambie watu waje.

Nilianza kwa mazoezi kwenye mlango wa bafu letu. Nikabisha mara tatu. Mama akajibu kutoka ndani kuna mtu, na kama nimebanwa nivumilie. Nilivunjika moyo, lakini nikashuka ghorofa ya kwanza. Nikabisha kwa kidole kimoja. Nilibisha polepole hata mimi mwenyewe sikusikia. Nikangoja kwa adabu, kisha nikaondoka nikiwa nimedharauliwa.

Basi nikaandika vikaratasi: Mboga, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, uani. Nikavipenyeza chini ya milango. Mlango wa nne, kikaratasi kikarudi! Kilisukumwa nje, nyuma kimeandikwa kwamba hawanunui kitu, hawajiungi na kitu, na saa kumi na mbili asubuhi ni saa ya wezi.

Ya wezi! Mwenyekiti mzima!

Ijumaa, 7 Machi

Magunia yamefika. Sita. Yamejaa kwenye stoo ya chini ya ngazi mpaka mlango haufungi, na biringanya moja limejitokeza kwenye ufa kama pua ya mtu anayechungulia. Kila anayepita anauliza nani amefiwa na shamba.

Kipaza alinisubiri ngazini. Akasema amemuuliza mama yake, amewauliza na majirani saba, na hakuna hata mmoja aliyeona fomu wala kumwona mwenye fomu. Akaniuliza kama nina la kusema. Nikahesabu ngazi. Akasema anajua mimi ni mwoga wa watu, hilo si dhambi, lakini ningemwambia tungegonga milango pamoja, yeye angesema na mimi ningeandika. Ameniudhi sana. Mtu anakukamata na bado anakuonea huruma! Afadhali angepiga kelele.

Nikamnunua. Nikampa hotuba ya ufunguzi, ili anyamaze. Alikubali haraka mno. Hotuba yangu ya kurasa nne, lugha mbili, na mzaha mmoja! Akaisoma palepale, akafuta mzaha.

Bibi amelala mapema ili apate nguvu. Kikapu kiko mlangoni.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa bado na hasira.

Saa kumi na mbili. Uani: mkokoteni, mizani, Mama Mizani amejifunga khanga ya pili kwa baridi, Dada Mradi na saa yake, Kipaza na hotuba yangu. Mabiringanya yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Wanunuzi: paka.

Saa moja. Paka ameondoka.

Saa moja na nusu nikasikia fimbo. Tok. Kimya. Tok. Bibi anashuka. Nilikimbia kumshika mkono, akanifukuza, akasema yeye si gunia. Ngazi themanini na sita, na kila kona anapumzika anaongea na miguu yake, anaitukana kidogo. Alipofika chini alikaa kwenye kreti, akatazama mkokoteni kwa muda mrefu. Akauliza mboga ziko wapi.

Mama Mizani akamwonyesha.

Bibi akasema biringanya analipenda, ndiyo, mara moja kwa mwezi. Mchicha uko wapi? Bamia? Nyanya je, au jengo zima tumeambiwa tule kitu kimoja kama kuku? Dada Mradi akamwonyesha fomu, akamweleza kwa heshima kwamba wakazi ndio waliochagua, kaya thelathini na moja. Bibi akaniangalia. Sikuwahi kujua jicho linaweza kushika mtu sikio.

Alinyanyua fimbo akaigonga kwenye reli ya chuma ya ngazi. Jengo zima likalia kama sufuria. Akaita: we Fundi Saa! Mama Pacha! Mwalimu! Kondakta, amka! Hamjambo humo ndani?

Milango ikafunguka ghorofa zote. Walidhani ameanguka! Wakateremka mbio, mashuka mabegani, viatu tofauti, Mwalimu ana povu la mswaki mdomoni, Mama Pacha kambeba mtoto mmoja na kumsahau mwingine. Wakamkuta Bibi amekaa raha mstarehe, anawaamkua. Akawaambia kwa kuwa mmeshuka, semeni mnataka kula nini.

Nilidhani watampiga. Walicheka! Halafu wakaanza kusema, wote kwa pamoja. Mchicha. Karoti za watoto. Ndimu. Fundi Saa akasema yeyote aliyeandika biringanya kwenye jina lake ajitokeze wapimane. Kipaza akapanda juu ya kreti, akatupa hotuba yangu, akawa anapaza kila jina na mboga yake, Dada Mradi anaandika mpaka kalamu ikaisha wino. Mama Mizani akampigia simu mumewe sokoni. Saa tatu mkokoteni wa pili ukaingia, umejaa kijani.

Saa nne kamili zilibaki nyanya zilizopondeka. Na mabiringanya, magunia manne na nusu. Mama Mizani amesema atayapeleka kwa wenye mikahawa, ila mara nyingine takwimu zikizungumza, yeye ataziuliza maswali.

Dada Mradi amehesabu mikokoteni yote miwili pamoja, zaidi ya nusu ya mzigo imeuzwa. Mkokoteni umebaki kwetu. Wenye lifti watembee.

Na nani kapongezwa? Kipaza! Amepeana mkono na Dada Mradi! Na Bibi akamkumbatia, akamwita mke mwenzangu, mbele ya kaya arobaini, na mimi nimesimama pale pale. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Hakuna kinachonitii katika jengo hili.

Bibi alipanda kwa zaidi ya nusu saa, kikapu kimejaa, safari hii akiniegemea. Ngazi ya hamsini hivi, pumzi zimemwishia, akaniambia ule mwandiko wa mzee kwenye fomu anaujua, alinifundisha kuandika yeye, na mkono wa kushoto ndio niliouanza. Akasema hatamwambia mtu. Ila mara nyingine nibishe hodi, niulize. Watu hawaumi. Nikaahidi. Nilimaanisha kabisa.

Adhuhuri amekula mchicha sahani mbili. Sijamwona akila hivyo tangu miguu ianze kuvimba.

Jumapili, 9 Machi

Dada Mradi ameleta fomu mpya arobaini. Matunda. Amesema yale ya mboga huenda watu walibadilisha mawazo, sasa tuulize upya, mlango kwa mlango, Mwenyekiti na Makamu pamoja. Kipaza akasema anipitie alasiri. Nikasema nina kazi nyingi, nitaanza peke yangu.

Nimejifunza mengi wiki hii. Kosa langu nimeliona wazi kama mchana, na halitajirudia kamwe.

Kosa lilikuwa kurudia mboga moja.

Safari hii hakuna kaya zaidi ya tatu kwa tunda moja. Nimetumia kalamu nne. Mwandiko wa mzee nimeuacha; sasa nina wa mama mwenye haraka, na mmoja wa mtu aliyeandika akiwa juu ya baiskeli. Saa nimetawanya, si asubuhi ya wezi. Mama yake Kipaza nimempa papai, ambalo halijawahi kumvimbisha mtu ninayemjua. Bibi anataka machungwa, nilimuuliza, kwa hiyo kuuliza nimeuliza. Fundi Saa nimempa ndizi, atulie. Niko fomu ya ishirini na sita, na kwa kweli ni kazi safi kuliko wangeweza kuifanya wenyewe.

Ngoja.

Tok. Tok. Fimbo, ukumbini. Na nyuma yake ndara za mtu mwingine, na sauti ambayo ikinong'ona inasikika paani. Bibi na mke mwenzake!

Fomu chini ya godoro. Daftari chini ya mto. Hapana, Bibi akipekua huanzia chini ya mto. Ndani ya kikapu! Chini ya mchicha uliobaki!

Wamefika mlangoni. Wanabisha hodi. Tena wanabisha tu hivihivi, vidole vitatu, kama si kitu! Daftari, ingia kikapuni!