Zege Langu, Chuma cha Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Zege limefika juu! Pete ya mwisho ya zege imekaa juu ya nyingine, na mnara wangu ukiutazama kutoka chini shingo inauma. Sasa shemeji, kaka wa mke wangu, atapachika bomba lake la chuma hapo juu, na baadaye panga la upepo la kuzalisha umeme lifungwe. Wakubwa watamchagua mmoja wetu asimamie minara yote iliyobaki. Shemeji anatamba kwamba watu wa zege kazi yetu kuchelewesha wenzetu. Atanitambua!

Jumanne, 4 Juni
Balaa. Nyaya za kuzibana pete hazivutwi mpaka saruji ya viungo, kati ya pete na pete, ishike. Mhandisi huwa anavunja kwa mashine vitofali vya majaribio vilivyomiminwa kwa saruji ileile ya viungo. Vikivunjika upesi, tunasubiri. Na baridi hii inachelewesha saruji kushika! Shemeji kapita akipiga mluzi. Nimevibeba vitofali hadi nyumbani, nimevifunika blanketi, nimeviweka kando ya jiko. Mke wangu kauliza tangu lini nalea mawe. Nimemwambia aache maswali, ni kazi ya ofisi.

Alhamisi, 6 Juni
Vitofali vimegoma kuvunjika! Mhandisi kaguna, kaamua nyaya zivutwe kesho. Nimemcheka shemeji mbele ya watu. Kajibu taratibu kwamba basi atapanda mwenyewe kupima sehemu ya boliti za bomba lake wakati jeki zinavuta nyaya. Vitofali vimelala jikoni, viungo vimelala kwenye baridi. Nimemsihi asipande. Kasema namwonea kijicho.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji kapanda. Jeki zikanguruma, nyaya zikalia. Nikajiambia ninyamaze tu, itapita. Mara saruji ikaanza kutoka kwenye kiungo cha chini kama dawa ya meno! Jamani! Mjomba wa wanangu yuko juu! Nikapiga yowe wazime, nikairukia swichi mwenyewe. Tukamngoja ashuke ngazi, polepole, nami naomba kila dua niijuayo. Kafika chini, kanikumbatia, kalia machozi. Kasema nina jicho kali, nimemwokoa. Mhandisi kauliza vitofali vilihifadhiwa wapi. Nimesema mahali salama.

Jumatatu, 10 Juni
Pete zinashushwa, viungo vinasafishwa, tunaanza upya. Aibu imenijaa. Asubuhi nimeapa kuacha ujanja, na nilikuwa namaanisha kabisa. Shemeji kanisemea kwa wakubwa, wakanipa usalama wa eneo zima: nikisema hakuna kupanda, hapandi mtu. Nikashukuru. Mchana nimesikia yeye ndiye anayetajwa kuwa msimamizi, mradi chuma chake kiwe kimekaa juu kabla ya mwezi kuisha.

Kesho natangaza upepo ni mkali mno. Keshokutwa pia.