Umra ya Darini

Ijumaa, 1 Agosti

Nimeagwa leo baada ya sala. Mtaa mzima umekuja. Wamenikumbatia, wamelia, wamenituma dua. Na mimi siendi popote.

Pasipoti yangu imekwisha muda tangu Machi. Nilijua itakwisha; kwamba imekwisha kweli nimegundua Jumatatu. Ofisi ya kuifanya upya iko Tanja, safari fupi tu ya treni, na hiyo ndiyo shida ya kuishi Asila: kila kitu kiko karibu, kwa hiyo hakuna haraka. Tangu baridi nilikuwa nasema nitakwenda kesho. Maisha yangu yote ya kazi nimewakatia watu tikiti za Tanja pale stesheni. Mwenyewe kupanda treni nikashindwa.

Ningesema ukweli Jumatatu ile ile. Lakini kuna Layashi. Layashi kinyozi alikwenda Umra mwaka jana, na tangu arudi wanamwita Haji, wanampisha kiti cha dirishani pale mkahawani, kiti changu tangu nistaafu. Umra haimfanyi mtu haji. Jaribu kuwaambia watu wa Asila. Basi nikatangaza kwamba nami nakwenda. Nilitangaza kwa sauti, bila kuulizwa.

Wa mwisho kuniaga alikuwa Lalla Shama, jirani yangu, mjane. Ukuta wake na wangu ni mmoja. Mwanawe Sufian yuko Tanja, na huu mwaka wa tatu hajakanyaga kwao. Alioa mke ambaye mama hakumtaka. Mama akamwambia asirudi mpaka aitwe, na mama hamwiti. Ameniomba nimwombee mbele ya Kaaba, Mungu amlete mwanawe mlangoni. Kisha akachukua leso yangu akaifunga fundo pembeni, nisije nikasahau.

Nikasema inshallah. Nilisema inshallah!

Jumamosi, 2 Agosti

Mpango huu hapa. Nyumba nimekwisha mpangisha Bwana Sqalli wa Kasablanka, yeye na familia yake, mpaka nirudi "safari". Watu wa mjini wanakuja huku kupumzika na ukubwa wa miji yao. Siwezi kuwaambia warudi. Tanja siwezi kujificha, kwa sababu nusu ya Asila iko sokoni Tanja kila siku, na dada yangu anakaa pale na mdomo wake. Kimebaki chumba cha kufulia, darini kwangu, juu ya paa bapa. Nimemwambia Bwana Sqalli kimejaa rangi kuukuu na panya aliyekufa, asikisogelee.

Layashi amenibebea sanduku mpaka stesheni. Kwa mikono yake. Nimepanda treni, nimeshuka kituo kinachofuata, nimerudi kwa miguu kando ya reli kama mwizi wa kuku. Nimepandia nyumba ya pembeni inayojengwa, nikaruka dari hadi dari.

Sikuwaza jambo moja. Darini kwetu ni kwa wanawake. Wanaanika, wanavua mitandio, wanasemana. Mwanaume akionekana kule mchana huitiwa mkuu wa mtaa. Kwa hiyo hata nisingekuwa mwongo, ningekuwa na aibu.

Ninavyo: samaki wa kopo, mikate, nguo zangu mbili za ihramu, na boksi la tende za Madina nilizonunua Laraishi, mji wa jirani, ziwe zawadi za kurudia. Maji ya zamzam sikughushi. Mtu awe na mpaka.

Jumatatu, 4 Agosti

Joto. Chumba ni tanuri. Najifuta jasho kwa leso, na kila nikijifuta fundo la Lalla Shama linanikwaruza usoni.

Yeye mwenyewe hupanda asubuhi na alasiri kuanika. Anaimba. Sauti mbaya, Mungu anisamehe. Nyimbo za harusi, na beti anazichanganya. Lakini huanza kuimba akiwa bado ngazini, hivyo napata nafasi ya kuingia chini ya karo la kufulia. Namshukuru Mungu kwa sauti ile.

Nimekula tende tatu. Tatu tu.

Jumatano, 6 Agosti

Nusura!

Mchana nimeteleza kwenye sabuni, nikaangusha beseni. Kimya kule chini. Mara simu yangu ikalia, kubwa, kama kengele ya stesheni. Bwana Sqalli. Akaniomba radhi kunisumbua katika ibada, akasema kuna mtu au mnyama mnene darini. Na ajabu, akasema, aliponipigia alisikia mlio juu ya kichwa chake.

Nikanong'ona kwamba nyumba za kale zina mwangwi, ndivyo walivyojenga wazee. Akauliza mbona nanong'ona. Nikasema niko msikitini. Maskini, akaona haya mpaka akababaika. Akaomba nimwombee mgongo wake, unamsumbua tangu mwaka juzi.

Sasa nina mgongo wa Bwana Sqalli pia.

Ijumaa, 8 Agosti

Tende zimekwisha. Sitaki kuzungumzia.

Leo nimesikia sauti ya Layashi mlangoni kwangu. Kumbe huja kila siku kumwagilia mikebe yangu ya nanaa. Sikumtuma. Watoto wa Sqalli walikuwa wanapiga kelele, naye akawaambia kwa upole wacheze pwani, maana hii ni nyumba ya mtu aliyeko kwa Mola wake. Akaongeza kwamba leo msikitini wameniombea afya, kwa kuwa redio imesema Makka kuna joto kali.

Nilikaa chini ya karo ingawa hakuna aliyekuwa akipanda. Mtu huyu nimemchukia mwaka mzima kwa ajili ya kiti.

Jumapili, 10 Agosti

Sikulala. Fundo. Kila mtu aliyenituma dua anaingoja, lakini wengine waliomba mvua na afya, vitu ambavyo Mungu hutoa hata bila mimi. Lalla Shama kaomba mtu mmoja aje mlangoni. Asipokuja, atasema Mungu kamkatalia. Kumbe ombi lenyewe halikutoka Asila.

Alasiri nikapata wazo. Namba ya Sufian ninayo, nilikuwa namwekea tikiti enzi zile. Nimpigie, nijifanye niko mbele ya Kaaba, nimtie hofu ya Mungu kidogo. Nikampigia. Nikatetemesha sauti. Nikamwambia nimesimama mahali patukufu, machozi yananitoka, nimeoneshwa kwamba mama yake anamngoja.

 Nikadhani atalia. Kisha akauliza, taratibu, nani huyo anaimba?

Nilikuwa nimesahau saa. Lalla Shama alikwisha panda, yuko upande wa pili wa ukuta, anaanika mashuka na kuchanganya beti. Nikasema ni hujaji mmoja, wa huku kwetu Asila pia.

"Ami Mfedali," akasema, "huyo hujaji anawafukuza njiwa kwenye mashuka."

Kweli alikuwa anawafukuza. Nikataka kukata simu, nizame ardhini. Akaniomba nisikate. Hakusema lingine. Basi nikaipitisha simu kwenye tundu la dirisha, nikaielekeza ukutani, nikaishika hivyo mpaka shuka la mwisho. Mkono ulikufa ganzi. Alipomaliza kuanika akashuka, na wimbo ukashuka naye. Nilipoirudisha simu sikioni, Sufian alikuwa bado yupo. Alikuwa anapumua tu.

Jumanne, 12 Agosti

Amekuja. Treni ya alasiri. Nimesikia mlango wa Lalla Shama ukigongwa, kisha kigelegele, kisha kilio, kisha sauti ya mkwe akisalimia kwa woga na Lalla Shama akimwambia mwanangu ingia, umechoka, chakula kipo. Mwanangu! Miaka mitatu hakutaka hata kulitaja jina lake.

Nililia chini ya karo. Nikajisifu kidogo pia, sikatai.

Halafu nikasikia watu ngazini kwake, kisha wakivuka ukuta wa darini. Hakuna aliyeimba. Mlango wa chumba ukafunguliwa, na pale pale, mbele ya macho yangu, amesimama Sufian na sinia la samaki, na nyuma yake mama yake. Mimi nimejikunja sakafuni, nimevaa kipande cha ihramu kiunoni, ndevu za siku kumi, kopo la samaki mkononi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu, nikautia ndani ya beseni.

Lalla Shama akasema anajua tangu siku yangu ya kwanza humu darini. Harufu ya samaki wa kopo haitoki Makka.

Nikamuuliza, humo humo ndani ya beseni, mbona hakusema.

"Nilikuona una aibu," akasema, "nikakuacha uione vizuri. Na wewe miaka yote hii umewahi kunisikia naimba? Nilikuwa nakupigia hodi, ujisitiri."

Kwa ajili yangu, basi. Aliimba kwa ajili ya mwanaume mwongo aliyejificha darini kwa wanawake, ili wote wawili tusiaibike. Na ndiyo sauti aliyoisikia mwanawe.

Akaniuliza jambo moja tu. Je, nilimwombea? Hata humu chumbani, hata mara moja?

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na mazoezi ya kutosha. Nikasema hapana, sikuomba, nilipiga simu tu.

 Kisha akasema, "Mimi hata hiyo nilishindwa."

Akaomba leso. Fundo lilikuwa limekazwa na jasho, akalifungua kwa meno. Akaniambia nile samaki wangali moto, akaniambia nikae humu mpaka siku yangu ya kurudi ifike, chakula watapitisha juu ya ukuta. Hatasema kwa mtu. Aibu niliyonayo inanitosha, akasema, haongezi yake.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimerudi kutoka Makka.

Alfajiri nimeteremkia ngazi za Lalla Shama, nimetoka nje ya mji kwa njia ya makaburini, nimepanda treni kituo cha nyuma na kushuka stesheni yetu. Stesheni wamejaa. Layashi wa kwanza. Amenikumbatia akalia, machozi ya kweli, yameniloweshea bega. Mkahawani amenikalisha kwenye kiti cha dirishani kwa mikono yake. Amesema kiti hiki ni cha atokaye karibuni kwa Mola, yeye sasa ni haji wa zamani.

Akauliza nilihisi nini nilipoiona Kaaba mara ya kwanza. Wote wakasogea kusikia. Nikasema sina la kusema. Walitikisa vichwa, wengine wakafuta macho. Ndilo neno la kweli pekee nililolitoa leo.

Wakauliza tende za Madina. Nikasema zimezuiliwa uwanja wa ndege. Bwana Sqalli, aliyekuwa anafunga mizigo aondoke, kaja kunibusu bega: mgongo wake umepona tangu Jumatano ile ile. Mbele ya wote!

Hapo nikataka kuungama. Wallahi nilitaka. Nikasimama, nikafungua mdomo. Lalla Shama akawa mbele yangu na bakuli la maziwa ya kumpokea msafiri, Sufian na mkewe nyuma yake. Akaliweka bakuli midomoni mwangu, akasema kwa sauti ya kusikika, karibu Bwana Mfedali, dua yetu imejibiwa. Kwa sauti ya chini akasema, kunywa, na uketi.

Nilikunywa. Nikaketi.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeapa. Nimeona aibu ya kunitosha uhai wangu na wa wanangu, kama ningekuwa nao. Uongo basi. Kujionesha basi. Nimekwenda mkahawani asubuhi nikiwa mtu mpya, nikamrudishia Layashi kiti chake mbele ya watu. Akakataa. Nikasisitiza. Akakataa. Nikakaa.

Tukapiga soga vizuri, kama ndugu. Katikati ya chai akasema, bila makuu, kwamba mwakani akijaaliwa atakwenda Hija yenyewe, siyo Umra.

Sijui mdomo huu una nini. Nikasema tutakwenda pamoja.

Wamenishangilia. Wamekwisha anza kunituma dua. Bwana Sqalli naye amepiga simu kutoka Kasablanka, anaitaka nyumba tena mwakani, safari hii mwezi wa Hija. Nimemkubalia, kwa kuwa nitakuwa sipo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni pasipoti. Nimeifunga leso fundo mwenyewe nisisahau. Leo nilitaka kwenda Tanja, lakini upepo wa sharki, ule mkali wa kutoka mashariki, unavuma, na mkahawani hapakuwa na aliyekuwa na haraka. Nitakwenda kesho. Ofisi iko karibu.

Jioni, kwa tahadhari tu, nimemuuliza Lalla Shama kama chumba chake cha kufulia kitakuwa wazi mwakani, maana changu kina joto. Amechukua beseni lake la nguo. Amepanda zake darini, na sijamsikia akiimba.