Shamba Lililosafishwa kwa Azimio

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Likoni na vitongoji vyake, wenye miguu na waliopungukiwa, kwamba shamba la Bi Mwanasaumu lililoko Bofu sasa ni salama kabisa.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Hamdun bin Yeslam, Karani na Mkalimani wa Kamati Kuu ya Kufukua Mabomu na Kuwafariji Waliolipukiwa, mwaka wa sitini na moja, Uhuru ukiwa unabisha hodi.

Mabomu yenyewe yalizikwa na jeshi wakati wa vita vya Hitla, kuwangoja Wajapani watokee baharini. Wajapani hawakuja, wala hawakuleta udhuru. Vita vikaisha, jeshi likaenda zake, mabomu yakabaki yakingoja. Aliyekuja akawa Mwinyihaji, mume wa Bi Mwanasaumu, akimfuata mbuzi wake kwenye mkanju, yaani mkorosho. Mbuzi alirudi mzima. Mwinyihaji alirudi na mguu mmoja.

Tangu siku hiyo shamba lilizungushiwa kamba, na Bi Mwanasaumu, aliyekuwa akiuza muhogo, akawa mtu wa kununua. Wasiojua kazi husema Kamati haikufanya lolote. Huo ni uzushi. Serikali ilipotoa fedha za mwanzo tulifungua ofisi Nyali, maana mtu hawezi kuijadili hatari vizuri akiwa amekaa karibu nayo. Fedha zilizofuata tulinunulia bendera nyekundu, kisha tukaunda kamati ndogo ya kuuchunguza wekundu wake. Upande wa kufariji, Mwinyihaji tulimpa viatu vipya vya ngozi, jozi nzima, kwa kuwa bohari haigawi nusu. Nilimpelekea mwenyewe. Alivitazama, akanitazama.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Hiki cha pili nimvishe nani?"

Nilimjibu kwamba swali lake litajadiliwa.

Balaa lilianzia Nairobi. Bwana mkubwa wa Hazina, mwenye kutupa fedha na kutunyima, aliuliza ni shamba gani tulilokwisha kulisafisha. Mwenyekiti wetu, Mwingereza Bwana Katileji, akaitisha kikao cha dharura. Mashine ya kupimia mabomu ilikuwa kambini kwa wanajeshi, mwendo mfupi tu kutoka Bofu, lakini ilibidi iombwe kupitia njia zinazohusika, na njia hizo hakuna aliyezijua. Basi tukapiga kura. Ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba shamba la Bofu halina tena mabomu. Mabomu hayakuwa na mwakilishi, kwa hiyo hakuna aliyepinga.

Siku ya kulikabidhi shamba ilipangwa ikapangika. Turubai lilitundikwa, viti vikaletwa, chai ya maziwa na sambusa zikawa tayari. Bwana wa Hazina akafika. Bwana Katileji alihutubia, akakata utepe, kisha akamgeukia Bi Mwanasaumu, aliyekuwa amevaa buibui jipya, mumewe kando yake akiegemea mkongojo.

"Shamba yako sasa," alisema kwa Kiswahili chake cha ofisini. "Wewe ingia."

Bi Mwanasaumu aliinamisha kichwa kwa adabu. "Abee, Bwana. Lakini twawezaje kutangulia mbele ya wakubwa? Tangulia wewe, sisi tu nyuma yako."

Hapo lazima nieleze. Huku kwetu Pwani mkubwa hatanguliwi. Nimewahi kuona wazee wawili wakibembelezana mlangoni, tangulia wewe, la, tangulia wewe, mpaka wali ukapoa ndani. Heshima hiyo Kamati ilikuwa haikuitia katika hesabu zake.

"Kwetu mwanamke kwanza," alisema Bwana Katileji.

"Kwenu, Bwana. Hapa ni Bofu."

"Basi mzee," akamwambia Mwinyihaji.

"Mimi nilikwisha kutangulia zamani," akajibu Mwinyihaji.

Bwana Katileji akanitazama mimi. Nilimkumbusha kwa unyenyekevu kwamba mimi ni karani wa daraja la pili, na kumtangulia Mwenyekiti kungeonekana kama mapinduzi. Bwana wa Hazina alishusha kikombe chake.

"Kuna tatizo, Katileji?" aliuliza.

Hakukuwa na tatizo. Mwenyekiti akaingia shambani, akinyanyua miguu kama kuku kwenye matope. Alipofika katikati alikanyaga kifuu kikavu cha nazi, kikapasuka chini ya kiatu chake. Akasimama palepale, mguu mmoja hewani, na hakuushusha.

"Ni kifuu tu, Bwana," nilimpazia sauti.

"Ita jeshi," alisema, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kikaoni.

Ndipo njia zinazohusika zikaonekana. Bwana wa Hazina alimtuma dereva wake kambini, na chai haijapoa askari wakawa wamefika na ile mashine. Walikusudia kumfungulia kijia chembamba cha kutokea. Bi Mwanasaumu akamsogelea koplo wao.

"Kijia hakitoshi, mwanangu. Huyu ni bwana mkubwa. Akiteleza je? Anzeni kule kwenye mkanju, ndiko kwenye ubaya."

"Kila mahali," alilia Mwenyekiti. "Pima kila mahali."

Wakapima. Bomu la kwanza lilitoka karibu na mkanju, jingine likafuata, na kila lilipotoka moja Mwenyekiti aliomba watazame tena. Kila alipotaka kusogea, Bi Mwanasaumu alimsihi: "Tulia, Bwana, wallahi bado ile pembe ya ufuoni." Mabomu yakapangwa mchangani, mbali na sambusa. Mwinyihaji aliyatazama muda mrefu, akaziba uso kwa ncha ya kikoi, akalia. Kanuni zetu hazina fungu la kulia. Nikamwacha alie, na mimi nikajikuta nafuta miwani.

Ilipofika alasiri shamba lote lilikuwa limegeuzwa. Bi Mwanasaumu aliingia kwa mguu wa kulia, akasema bismillahi, akampita Mwenyekiti, ambaye alikuwa bado hajaamini, akaanza kupima mahali pa matuta ya muhogo.

Bwana wa Hazina alirudi Nairobi amepata elimu. Akafuta fungu la ofisi, akafuta la bendera, akaivunja kamati ndogo, akatuachia agizo moja tu: kila shamba lililofungwa litafunguliwa na Mwenyekiti mwenyewe, kwa miguu yake, na askari wataitwa baada ya yeye kuingia. Habari hizo zilienea Likoni nzima. Tulikuwa bado tunafunga virago pale Nyali alipokuja Bi Nyevu, mkulima wa Mtongwe, na kisahani cha halua.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Twasikia Bwana wenu akisimama mahali, kazi yafanyika. Twaomba aje asimame kwetu."

Kutoka nyuma ya mlango nilisikia Mwenyekiti akininong'oneza niseme yuko likizo.

"Yuko likizo, mama."

"Si neno. Tutangoja, tumezoea."

Akaketi, akafunika halua yake. Nikaona nimwulize, kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi, shamba lenyewe lina ukubwa gani.

"Kubwa, mwanangu," akasema. "Mwambie avae kofia ya jua."