Sanduku la Mama Fortunée

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa sita

Formasyo imeanza. Dokta Myriam ametoka Bukavu kuja kutufundisha kuboresha kazi ya hospitali. Mwanamke mfupi, viatu vya raba, sauti kubwa. Nilikaa mstari wa mbele na blouse yangu nyeupe ya kazi iliyopigwa pasi. Nilitegemea hotuba, soda na cheti. Hakuna! Anasema jambo hili halifundishwi kwa masikio, linafundishwa kwa mikono. Kila serivisi ya hospitali ichague shida moja, ijaribu njia mpya wiki hii, Ijumaa ionyeshe mbele ya wote. Atakayefanya vizuri atapelekwa Kigoma kujifunza zaidi, halafu atakuwa msimamizi wa ubora wa hospitali nzima.

Msimamizi wa ubora! Mimi Papa Ruben, muuguzi mkuu wa upasuaji, mtu aliyezeekea kwenye bandeji! Nilijiona tayari ndani ya meli.

Nikachagua mikono michafu. Shida nzuri, haina ubishi. Mama Fortunée, mkunga mkuu wa maternite, akachagua akina mama wanaovuja damu baada ya kuzaa. Akaeleza kwamba dawa ya kukaza kizazi iko farmasi, glovu ziko biro, yaani ofisini, serumu ya kutundika iko depo, na mama anakufa wakati watu bado wanakimbia huku na huku. Anataka sanduku moja, kila kitu ndani, kando ya kitanda cha kuzalia. Dokta Myriam akamwomba arudie ili wote wasikie vizuri.

Mimi hakuniomba nirudie.

Jumanne, tarehe 10

Nimeweka ndoo yenye robine ya kufungulia maji mlangoni mwa upasuaji. Juu yake bango, rangi nyekundu, mkono wangu mwenyewe: MIKONO SAFI, ROHO SAFI. Klorini nilitia kwa ukarimu. Labda ukarimu ulizidi. Mchana wauguzi wangu walikuwa wanapuliza vidole kama watu waliogusa sufuria ya moto. Mgonjwa mmoja wa ngiri alinawa kwa moyo wote, ngozi ikamtoka.

Dokta Myriam alipita, akanusa, akalia machozi. Machozi ya klorini. Akasema kwa upole kwamba jaribio lililoshindwa nalo ni somo. Sikulipenda neno "lililoshindwa".

Jumatano, tarehe 11

Bomba halitoi maji tangu alfajiri. Ndoo tupu. Nikawaagiza wauguzi kwamba Dokta Myriam akitokea, wasimame mbele ya ndoo na kusugua mikono kwa nguvu. Akatokea. Wakasugua. Akafungua robine. Ikatoa hewa. Akaandika kwenye daftari.

Kutoka kwangu akaenda maternite. Nilichungulia dirishani. Wamekunja blanketi, wamelivika kitenge, eti ndiye mzazi anayevuja damu. Fortunée anapiga kelele, mmoja anavuta sanduku, mwingine anashika glovu, mwingine sindano. Haraka, bila kugongana, kila mtu na kazi yake. Dokta Myriam alipiga makofi peke yake, kama mtu aliye kanisani. Sanduku lenyewe ni la plastiki, la kubebea samaki. Wamelisugua.

Kwa sanduku la samaki, mtu anakwenda Kigoma!

Alhamisi, tarehe 12

Nimepata njia. Rahisi, haina ubaya kwa mtu yeyote.

Kesho Fortunée ataonyesha zoezi mbele ya ukumbi mzima, na Papa Edmond, mkurugenzi, atakuwepo. Atapiga kelele zake, watageuka kuchukua sanduku, sanduku halipo! Blanketi litakufa mbele ya watu. Nani anaumia blanketi likifa? Baadaye nitalirudisha, nani atajua?

Wakati wa kubadilisha zamu niliingia maternite na kigari cha mashuka. Nikasalimia. Nikatoka na sanduku chini ya mashuka. Sasa liko upasuaji, ndani ya kabati, nyuma ya plasta. Mke wangu Sylvie ameuliza kwa nini naimba nikila. Nimemwambia formasyo inakwenda vizuri.

Ijumaa, tarehe 13

Zoezi halikufanyika.

Asubuhi watu walikuwa wanapanga viti ukumbini. Maternite kulikuwa na msichana wa kijiji cha Zongwe, Bijou, mimba ya kwanza. Alizaa mtoto wa kike, mzima, analia vizuri. Kisha damu ikaanza kushuka. Nikiwa ukumbini nilisikia sauti ya Fortunée nikadhani anafanya mazoezi. Nikacheka, hata. Halafu nikasikia mama mtu akilia.

Niliposimama mlangoni, Fortunée alikuwa amebonyeza tumbo la msichana kwa mikono yake yote, damu hadi kwenye viwiko. Akaniambia bila kugeuka:

"Papa Ruben, sanduku haipo! Farmasi imefungwa, mwenye ufunguo ameenda porti. Tafuta! Tafuta haraka!"

Nikakimbia. Naandika ukweli, shajara hii haisomwi na mtu. Ningekwenda moja kwa moja kabatini, wangeuliza nimejuaje. Kwa hiyo nilitafuta kwanza mahali nilipojua halipo. Chini ya vitanda. Nyuma ya mlango. Uani, wanapopikia ndugu wanaouguza wagonjwa. Nilitafuta vizuri, watu waliniona nikitoka jasho. Ndipo nikaenda upasuaji.

Nilirudi nalo nikihema. Nikasema limechukuliwa na watu wa mashuka kwa makosa. Dawa ikaingia, serumu ikaingia. Damu haikusikia dawa tena. Wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Dokta wa zamu ameokoa roho. Kizazi amekitoa.

Bijou ana miaka kumi na tisa.

Sikula leo.

Jumamosi, tarehe 14

Mama yake Bijou, Mama Thérèse, alinifuata upasuaji. Alibeba samaki, mikebuka ya kukausha ndani ya kikapu, mikubwa, ya Zongwe kabisa. Akapiga magoti. Nikamwambia asimame. Akakataa.

"Niliona vile ulikimbia, baba. Wengine walisimama. Wewe ulikimbia. Mungu akuone."

Ningeweza kusema kitu. Kulikuwa na watu.

Sylvie ameipika na nyanya. Kipande cha kwanza kilikataa kushuka. Cha pili kilishuka.

Jumatatu, tarehe 16

Mkutano. Dokta Myriam alichora mifupa ya samaki ubaoni. Kichwani akaandika: SANDUKU HALIKUWEPO. Kwenye kila mfupa tuweke sababu. Nilijifunga tayari kwa kusulubiwa. Nilikuwa nimeandaa majina ya watu wa mashuka.

Akasema hapa hatutafuti mkosaji. Tunatafuta tundu kwenye utaratibu, tuzibe. Nilishusha pumzi hadi jirani akageuka. Utaalamu mkubwa, huu! Nikanyoosha mkono mara nyingi kuliko wote. Mashuka hayana njia yake. Sanduku halina alama. Zamu hazikabidhiani. Mifupa yote ikajaa. Papa Edmond akatikisa kichwa kwa heshima.

Baada ya mkutano Fortunée alinisubiri kwenye veranda.

"Papa Ruben. Watu ya mashuka hawakupita Alhamisi. Nimewauliza."

Nikamwambia tumekubaliana hatutafuti mkosaji.

"Mimi sitafute mukosaji. Nakuuliza wewe."

Nikasema nina mgonjwa wa ngiri. Kweli ninaye.

Jumanne, tarehe 17

Dokta Myriam ameondoka na ndege. Kabla ya kwenda alitangaza: Kigoma, Mama Fortunée, mwezi ujao. Makofi marefu. Nilipiga kidogo, kwa vidole. Bado vinawasha.

Lakini Papa Edmond aliniita biro. Anasema ameguswa na jinsi nilivyokimbia. Na jinsi nilivyochambua mifupa. Ameamua kuziba tundu: sanduku litawekwa kwenye kabati la chuma pale maternite, kabati lifungwe kwa kufuli, ufunguo akae nao mtu mmoja mwenye akili timamu.

Mimi!

Fortunée aliingia biro bila kubisha. Alisema kitu cha haraka hakifungwi, kwamba Dokta Myriam angekataa. Papa Edmond akajibu kwamba Dokta Myriam yuko angani. Akamwuliza kama anataka sanduku lipotee tena. Mama wa watu akaniangalia, akatoka.

Nimetafuta kamba nzuri. Ufunguo unakaa shingoni, chini ya blouse. Ukitembea unagonga kifua kidogo. Nimependa.

Jumapili, tarehe 29

Niko Zongwe! Bijou ametoka hospitali, na familia imenialika kumshukuru Mungu pamoja nao. Nimekuja na boti ya asubuhi. Kiti cha mbele, mikeka mipya, kuku, mikebuka ya kuchoma. Wameniita dokta. Sikuwasahihisha.

Mume wa Bijou, Cédrick, kijana mvuvi, mikono kama makasia. Aliinua bilauri mbele ya wote akasema mtoto huyu wa kwanza ni wa Mungu, na wa pili akija mwanaume ataitwa Ruben. Watu wakapiga vigelegele. Bijou alikuwa kwenye mkeka ananyonyesha. Aliangalia chini. Kumbe hajamwambia mumewe kuhusu kizazi. Mama Thérèse alianza kuondoa sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Nikasema amina. Ningesema nini?

Simu ililia nikiwa kwenye paja la kuku. Fortunée. Nikaacha ilie. Ikalia tena. Siku ya Mungu, mtu akiwa mezani! Halafu ukaingia ujumbe: "Papa Ruben ufunguo."

Nikashika kifua. Kweli, ninao.

Hakuna hata salamu! Hakuna "tafadhali"! Huyu ndiye wanamtuma Kigoma kutuwakilisha. Inalia tena sasa, naandika ikilia. Nimeigeuza kifudifudi kwenye mkeka. Boti ya kurudi ni kesho. Nikifika tu nitamweleza Papa Edmond kwamba mama huyu hajui kuomba, na kwamba kabati la glovu nalo linahitaji kufuli.