Majina Niliyoyasoma Kanisani

Jumatatu, 4 Julai 1994
Wewe uliyeokota shajara hii, tafadhali usimsomee mtu hata neno moja. Mimi ni karani tu, na bado niko kwenye kipindi cha majaribio.

Zahanati yetu ya parokia, hapa Mbinga mjini, ina chumba kimoja. Tunatibu bure wasio na makazi, wale wanaolala kwenye veranda za maghala ya kahawa. Tangu hospitali za serikali zianze kutoza ada, wameongezeka. Sista Restituta, mkuu wetu, anataka chumba cha pili chenye vitanda. Mmoja wao, Mzee Pankras, hatapona kifua akilala kwenye saruji na baridi hii. Bwana Ambokile, mgeni wa wafadhili, anakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuona kama wagonjwa ni wengi. Wakiwa wachache, hakuna chumba.

Nimepata wazo. Jumapili nitawatangaza wagonjwa kanisani, kila mtu na kijiji chake na ukoo wake. Waumini wataona huruma, wataleta mablanketi, mgeni atakuta mji mzima umeamka. Florian wa dawa, mwenyeji wa hapa, ambaye hanipendi, amesema taja tu, kaka, na ukoo usiusahau. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuniunga mkono.

Jumapili, 10 Julai
Nimesoma. Kanisa kimya. Nilidhani ni huruma.

Nje nikamwamkia Mzee Bernadi wa kijiji cha Litembo. Hakuitikia. Akaniuliza nani kaniambia Pankras hana kwao, wakati Pankras ni kaka yake. Au sisi tumekufa, karani, na hukuja kutuzika?

Jumatatu, 11 Julai
Watu wa Litembo wamekuja na pikapu. Wamemchukua Pankras, wamemfunika blanketi jipya, hata dawa hakusubiri. Wa kijiji cha Ukata wamekuja kwa miguu. Kila ukoo unawahi wa kwake kabla majirani hawajaucheka. Jioni veranda ni tupu.

Amebaki Mansuetus wa Mbaha, kwa sababu kwao ni ziwani, mbali. Nimemsihi asiondoke hadi Ijumaa. Nimemwahidi chai na maandazi. Anasema chai iwe ya maziwa.

Ijumaa, 15 Julai
Ndugu zake Mansuetus wamefika asubuhi na lori la usipa, dagaa wa ziwani. Ameondoka na maandazi yangu.

Nikajilaza mwenyewe kwenye godoro la zahanati, nikajifunika kama mgonjwa. Bwana Ambokile akanigusa paji la uso, akauliza ninalala wapi. Nikasema popote, mzee. Florian akachungulia mlangoni na kusema, kwa upole mkubwa, kaka, mwenye nyumba wako anaulizia ufunguo.

Mgeni akampongeza Sista. Mji wenu una bahati, akasema, kila mtu ana kwao. Chumba cha pili hakuna. Sista hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Jumamosi, 16 Julai
Sista amenituma Litembo kwa miguu, nipeleke dawa. Pankras analala kwenye stoo ya kahawa, juu ya magunia. Mlango unafungwa kwa nje, asije akaonekana tena barabarani. Anakohoa vilevile. Pole ya safari, mwanangu, akasema, kule verandani angalau wenzangu walikuwa wanapiga soga.

Nimewaza njia nzima, miguu ikiniuma. Kosa langu nimeliona: niliwataja wagonjwa. Kesho nitawataja waliowafungia, jina na ukoo. Wataona haya, watawarudisha wote verandani, na mgeni tutamwita tena. Sista bado sijamwambia.

Ukinitaka baada ya misa, usiniulizie kanisani. Zunguka nyuma ya zahanati, gonga taratibu dirisha la choo, na kabla sijafungua utaje ukoo wako.